Mstari wa penseli

Ni siku ya tano leo, na swali la mtoto wa Yaya, dada yangu mkubwa, bado limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Jumamosi tulipeleka mahari ya Kaka kule Likasi, ikapokelewa, watu wakacheza mpaka usiku wa manane. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki nikirudia maneno ya Jumatano.

Mnaijua sheria ya nyumba yetu ya Katuba, hapa Lubumbashi: hakuna kutazama sinema kabla ya kumaliza kitabu. Mtoto alimaliza Hunger Games, riwaya ya Suzanne Collins kuhusu watoto wanaolazimishwa kuuana, kwa siku sita, nakala yangu ile ile ya Kifaransa niliyoinunua zamani kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba chini. Jumanne umeme ukarudi, tukatazama. Rue, yule msichana mdogo wa kitabuni, alipotokea, mtoto alinipiga paja: "Ndiye! Ndiye yeye kabisa!"

Kesho yake jioni tulikuwa uani tunachambua sombe, majani ya muhogo, bukari (ugali) bado, maji yanasubiri kuchemka kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Nikamsimulia kwamba sinema ilipotoka mwaka 2012, na Amandla Stenberg akacheza nafasi ya Rue, kuna watazamaji waliokasirika. Waliandika hadharani kwamba Rue waliyempenda hakuwa mweusi. Mmoja akathubutu kusema kwamba kifo chake hakikumhuzunisha tena kama zamani. Mtoto akaacha majani. Vidole vyake vilikuwa vya kijani mpaka kwenye kucha.

"Lakini mwandishi aliandika, mama mdogo. Ngozi ya kahawia nzito. Mi nilisoma."

"Ndiyo, aliandika."

"Sasa bo hawakusoma?"

"Walisoma."

"Na weye, wakati ulisoma, ulimuonaka namna gani?"

Nikajibu upesi, macho kwenye sombe: "Vile alivyoandikwa."

Akaridhika. Akachukua kikonyo kingine, akavua majani yake kwa mvuto mmoja kama alivyofundishwa na Mama. Nami nikabaki na uongo wangu mdomoni.

Kwa sababu Rue wangu alikuwa msichana wa kalenda ya masista. Ile kalenda ilining'inia kwa nkambo, kwa babu na bibi, miaka na miaka baada ya mwaka wake kupita: msichana wa nywele za njano, misuko miwili, kikapu cha matofaa mkononi. Kitabu kiliposema Rue anatoka wilaya ya mashamba, kwamba hupanda miti ya matunda mpaka juu kabisa, kichwa changu kilimleta huyo. Akakaa. Mimi, mzaliwa wa Katuba, mweusi kama mama yangu, nilipita juu ya sentensi ile ile waliyopita wale waliokasirika.

Usiku nikachukua tochi nikatafuta ukurasa. Ni sentensi moja. Inataja kwanza ngozi na macho ya kahawia nzito, kisha inasema kwamba, ukiacha hayo, anafanana sana na Prim, mdogo wa mhusika mkuu, kwa umbo na mwenendo. Nilikuwa nimepiga mstari wa penseli chini ya maneno ya Prim, na mstari unaanza baada ya mkato. Maneno ya ngozi yamebaki upande wa kushoto, safi, kama sikuwahi kuyaona.

Na ndiye mimi, mwalimu wa Kifaransa, niliyewaandikia hapa kwa hasira juu ya Alexandre Dumas, mwandishi Mfaransa! Bibi yake mzaa baba, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa Mwafrika kule Saint-Domingue, na mwaka 2010 nafasi ya Dumas kwenye sinema ikapewa Gérard Depardieu, akatiwa weusi usoni na kuvikwa nywele bandia za kujisokota. Niliwaka, na sijapoa. Niliandika pia juu ya Heathcliff, yule mtoto aliyeokotwa Liverpool katika Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë ya 1847, ambaye kitabu chenyewe kinasema ngozi yake ilikuwa nyeusi kuliko ya wenzake. Kwenye sinema walimcheza wazungu, Laurence Olivier na Ralph Fiennes, mpaka mwongozaji Andrea Arnold alipompa nafasi hiyo James Howson, kijana mweusi, mwaka 2011. Miaka yote hiyo nilidhani ubaya umekaa kwa wanaochagua waigizaji peke yao.

Lakini kuna jambo nimeligundua kwenye kile kiti cha Likasi. Nikifumba macho sasa nimtafute Rue, namwona Stenberg. Msichana wa kalenda ameondoka, na hakuondolewa na kitabu, ingawa kitabu kilisema wazi tangu 2008. Sinema ndiyo iliyomtoa. Kwa hiyo wasiniambie ni jambo dogo nani anapewa nafasi gani.

Leo asubuhi, ndani ya basi, nikamwambia mtoto ukweli wote, na kalenda yake. Alikuwa anakula karanga. Akatafuna kwanza.

"Mi Prim nilimuonaka kama yule rafiki yangu wa darasani, wa misuko midogo midogo. Ndiyo maana nilishtuka: eh, Prim iko muzungu?"

Kweli! Jumanne alisema hivyo hivyo, nami nikamnyamazisha nisikie sinema. Kitabu kinasema Prim ana nywele za rangi nyepesi na macho ya bluu, naye ameyaruka. Akaendelea, mikono inapaa: Wilaya ya 12, kwao Prim, yote ameiona huku kwetu, baba wanaotoka mgodini na vumbi, nyumba za wafanyakazi zimepangwa mstari, mama akingoja mlangoni siku mgodi umeporomoka. Wao wanachimba makaa ya mawe, sisi shaba, hilo halikumsumbua hata kidogo.

Nilicheka mpaka jirani wa kiti akageuka. Naye aliruka maneno, najua, lakini siwezi kuweka kosa lake na langu kwenye mzani mmoja. Yeye alijaza kitabu watu anaowapenda. Nilifurahi hivyo njia nzima, mpaka bomba refu la kiwanda cha Lubumbashi na mlima wake mweusi wa mabaki ya madini vikaonekana.

Mama hakwenda Likasi, alisema miguu imevimba. Tulipofika nimefungua droo yake nikahesabu vidonge vya presha. Jumatano vilikuwa 14. Leo ni 14.