Dakika 11 Ambazo Sikuzikimbia

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikimbia kilomita 12 katika Msitu wa Karura, Nairobi, pamoja na binamu yangu, tukiingilia lango la Barabara ya Limuru, na njia nzima tulikuwa tukijadili michango ya harusi ya nyumbani bila yeyote kati yetu kukatiza maneno ili avute pumzi. Tulipomaliza nilifungua programu ya mazoezi, ambayo ninailipia kila mwezi, nikaarifiwa kwamba nilikuwa nimekaa dakika 11 katika kanda ya tano (programu hugawa mwendo wa mkimbiaji katika kanda, kutoka wa polepole hadi wa kasi), yaani ile ya mbio za kufa na kupona, na dakika 9 nyingine katika kanda ya kwanza, kana kwamba nilikuwa nikitembea. Umbali ulikuwa sahihi. Binamu alichungulia skrini, akacheka.

“Ndugu yangu, hizo dakika 11 ulizikimbia lini? Mbona sikukuona ukiniacha?”

Simu hujua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti, na hata chini ya anga wazi kipimo hicho huweza kukosea kwa mita kadhaa. Katika safari ya kilomita nyingi kosa hilo halina uzito, kwa sababu ukisogezwa mbele hapa utarudishwa nyuma pale, na hesabu ya jumla hukaribia ukweli. Mwendo wa papo hapo hauna nafuu hiyo. Anayekimbia kilomita moja kwa dakika 6 na sekunde 25 husonga kama mita 13 katika sekunde 5. Programu inayolinganisha mahali alipokuwa na mahali alipo baada ya sekunde hizo, ikikosea kwa mita 3 tu, itamwandikia kwa kilomita ama dakika 5 na sekunde 12, ama dakika 8 na sekunde 20. Kanda yangu ya pili, ile ya mwendo wa kuzungumza, ina upana wa sekunde 40 kwa kilomita, kwa hiyo kosa hilo dogo linatosha kunirusha nje yake, juu au chini, huku miguu yangu ikiwa haijabadilisha lolote.

Karura miti hudhoofisha mawimbi, na katikati ya jiji mawimbi hugonga kuta za majengo marefu kabla ya kuifikia simu. Asubuhi moja nikipita Kenyatta Avenue niliandikiwa dakika 2 na sekunde 31 kwa kilomita. Eliud Kipchoge, alipokimbia umbali wa marathoni Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40, wastani wake ulikuwa kama dakika 2 na sekunde 50, na hakuwa akikwepa matatu.

Baadhi ya programu hutuliza tarakimu hizo kwa kuchukua wastani wa sekunde kadhaa, lakini dawa hiyo ina madhara yake: katika mbio fupi za mita 200 ninakuwa nimekwisha kula sehemu nzuri ya umbali kabla simu haijatambua kwamba nimeongeza kasi, na nikisimama kupumzika inaendelea kunisifu.

Sehemu ya lawama ni yangu, nakiri. Kanda zenyewe niliziweka kutokana na mbio za kilomita 10 nilizokimbia Mombasa, usawa wa bahari, nami ninafanya mazoezi Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi na vilima ni vingi. Hata simu ingepima bila kosa lolote, ingekuwa ikinidai mwendo wa pwani.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye uwanja wenye mzunguko wa mita 400, nikakimbia mita 5,000, yaani mizunguko 12 na nusu, nikitumia saa ya kubonyeza tu, kisha nikaweka kanda upya kwa matokeo hayo. Simu ilikuwa mfukoni. Kwenye ramani yake kona za uwanja zilikuwa zimekatwa kama mtu aliyepita juu ya nyasi.

Niliwaandikia wenye programu barua ndefu yenye picha za skrini na hesabu zangu za mita 13. Walijibu baada ya siku tatu, kwa heshima kubwa, wakinishauri nizime simu na kuiwasha tena. Niliiwasha tena. Jumamosi iliyofuata tulirudi Karura, tukazungumza harusi ile ile kwa mwendo ule ule, na safari hii nikapewa dakika 13.