Ndama wa kwato moja: chukua sampuli kabla ya kumzika

Ndama akizaliwa na kwato zilizoungana au miguu iliyokakamaa, wengi huku Njoro na Molo humzika alfajiri, kuepuka maneno ya majirani. Tunaomba sana: subirini nusu saa tu.

Si kila kilema ni cha kurithi. Virusi vya Akabane, vinavyoenezwa na visubi, hukakamaza viungo vya ndama angali tumboni. Hapo utaona ndama kadhaa wa madume tofauti wakiathirika msimu mmoja. Akizaliwa hai, daktari wa mifugo amtoe damu kabla hajanyonya dang'a. Akishanyonya, kingamwili za mama huvuruga kipimo. Kasoro ya kurithi hufuata ukoo.

Kwa DNA, kata kipande cha sikio kama ukucha wa kidole gumba, ukizamishe kwenye ethanoli mara kumi ya ujazo wake. Usitumie formalini, inaharibu DNA. Mama atolewe mililita 5 za damu kwenye chupa yenye EDTA (dawa inayozuia damu kuganda), ile ya kifuniko cha zambarau, au ang'olewe nywele 30 za mkia. Zing'olewe, zisikatwe, kwa sababu DNA inayotakiwa iko kwenye mizizi. Ya baba hupatikana kwenye mrija wa mbegu, na hapa ndipo kazi nyingi hukwama: kadi ya upandishaji imeandikwa "Friesian" tu, bila jina wala namba ya dume. Dai namba hiyo siku ile ile.

Maabara husoma alama kama 50,000 za jenomu (DNA yote ya mnyama), ikitafuta kipande ambacho ndama wagonjwa wote wamerithi nakala mbili zilezile, na wazima hawana hivyo. Kisha kipande hicho husomwa herufi kwa herufi. Kwa njia ya kufuatilia koo, kwato moja ya ng'ombe wa Holstein iligundulika kuwa inatokana na hitilafu ya jeni ya LRP4, kromosomu 15. Kwa kawaida huanza mguu wa mbele wa kulia. CVM, kasoro ya kurithi ya uti wa mgongo inayokunja vifundo na kuua ndama wengi tumboni, inatokana na jeni ya SLC35A3.

Kwenye katalogi ya madume ya Holstein, wenye alama MF (kwato moja) na CV (CVM) ni wabebaji wa kasoro hizo mbili: wana nakala moja tu yenye kasoro, wao wenyewe ni wazima. Wenye TM (kwato moja) na TV (CVM) wamepimwa, hawanazo.

Dume mbebaji la kijiji likirudishwa kwa binti zake mwenyewe, hata kama mama zao hawakuwa wabebaji, tarajia ndama 1 kati ya 8 awe na kilema. Nusu ya ndama wote watabeba kasoro bila kuionyesha, na hao ndio wanaouzwa sokoni wakiwa wazima kabisa machoni.