Siku moja maishani mwangu: kupandisha toleo la Spark kwenye klasta ya seva 24

Saa 10:30 alfajiri nimeshaketi mbele ya kompyuta, kwa sababu kazi za usiku zimekwisha na za asubuhi hazijaanza, na huo ndio mwanya pekee ninaopata wa kuigusa klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja, bila kumkatiza mtu. Leo naihamisha kutoka toleo la 3.5 la Apache Spark, programu inayogawa hesabu za data nyingi kwa seva nyingi, kwenda 4.0.

Wengi hudhani kupandisha toleo ni kubofya kitufe na kusubiri. Toleo hili lililotoka Mei 2025 halikubali Java, programu ambayo Spark huendeshwa juu yake, iliyo chini ya toleo la 17, tena limebadilisha jambo ambalo hesabu zetu nyingi zililitegemea: zamani maandishi yasiyo namba yakigeuzwa kuwa namba, Spark iliweka nafasi tupu na kuendelea, sasa kwa kawaida yake inasimamisha kazi. Nimetumia wiki tatu kupitia hesabu moja baada ya nyingine nikizirekebisha, na sijutii, maana namba inayopotea kimya kimya hufika kwenye ripoti na kuaminiwa.

Saa 11:00 nafunga foleni ya kazi, nanakili mipangilio, nafungua kifurushi kipya kwenye seva zote na kuelekeza huko kiungo cha /opt/spark, njia ya mkato inayoonyesha folda ya toleo linalotumika, huku toleo la zamani nikiliacha mahali pake. Saa 12:15 kazi ndogo ya majaribio inapita. Saa 1:00 asubuhi nafungua foleni.

Saa 2:10 kazi kubwa ya kwanza inaanguka. Nairudia, inapita. Inayofuata inajikokota, kisha nayo inaanguka. Kosa linalotokea kila mara hujionyesha lenyewe. Hili la kuja na kuondoka linakula akili. Mchambuzi anayesubiri ripoti ananiandikia, "Kaka, ripoti yetu vipi?", na kabla sijamaliza kumjibu ameandika tena, kisha akapiga simu, na kila simu inanitoa kwenye logi, yaani kumbukumbu za yaliyotokea kwenye seva, nilizokuwa katikati ya kuzisoma. Ana haki yake, kwani naye ana mkubwa anayemdai, lakini sina jibu la kumpa.

Hatimaye nakuta mstari mmoja kwenye logi: programu imeandaliwa kwa namba 61.0, na Java iliyopo inaishia 55.0. Namba 61 ni ya Java 17, na 55 ni ya Java 11. Makosa yote yanatoka seva ya tisa. Naingia humo, naandika java -version, inanijibu 17. Narudia amri hiyo kwenye seva zote 24, zote zinasema 17. Hapo ndipo nilipokaribia kurudisha toleo la zamani, maana nilianza kutilia shaka hata macho yangu.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokumbuka kwamba Spark haiiulizi Java inayojibu ninapoandika amri. Hufuata JAVA_HOME, mpangilio unaotaja folda ya Java ya kutumia, ambayo kwetu ni kiungo cha /opt/java. Nikaandika readlink -f /opt/java, amri inayoonyesha kiungo kinaelekea wapi, na seva ya tisa ikaonyesha folda ya Java 11. Siku nilipobadilisha viungo vyote vya Java vielekee 17, seva hiyo ilikuwa imezimwa ikibadilishwa diski. Kazi iliyopangiwa sehemu nyingi humo ilifikia kikomo cha makosa ikaanguka, na iliyopangiwa kwingine ilipita, pamoja na ile ndogo ya majaribio niliyokuwa nimeiamini alfajiri.

Kurekebisha kiungo kulichukua sekunde chache. Mchana ukaishia kwenye kurudia kazi zilizoanguka na kuandika skripti inayokagua kiungo chenyewe kwenye kila seva, kisha nikaiendesha ripoti ya jana kwa matoleo yote mawili na kulinganisha idadi ya mistari na jumla za kila safu, mgongo ukiniuma na macho yakiwasha. Zililingana zote.

Karibu saa 12 jioni nikamtumia mchambuzi ripoti yake. Akajibu, "Nimeipata, asante." Toleo la zamani nimeliacha kwenye diski kwa wiki mbili zaidi.