Jiko jipya, deni la zamani

Jiko lililobomolewa nusu ndilo linalowaingiza watu kwenye mkopo mwingine. Nia huwa njema: tutafanya kidogo kidogo, kadiri hela inavyopatikana. Kisha fundi anang'oa makabati yote kwa siku moja, ukuta wa nyuma ya sinki unakutwa umeoza, hela inakata, na vyombo vinaanza kuoshwa bafuni. Ikifika wiki ya tatu, hakuna tena anayeuliza riba ni asilimia ngapi. Kwa hiyo kabla ya kuwaza rangi na vigae, jiulize kazi itasimama wapi hela ikiisha, na kama jioni ya siku hiyo chakula kitapikwa.

Tuanze na deni, maana ndilo linalopanga kasi. Andika madeni yote kwenye karatasi moja: salio, riba, rejesho la mwezi, adhabu ya kuchelewa. Angalia sana riba inapigwa juu ya nini. Mkopo wa 1,200,000 wa miaka 2 kwa asilimia 12 kwa mwaka, riba ikipigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo, unazaa 288,000, yaani rejesho la 62,000 kila mwezi. Ukiupima kama mkopo ambao riba yake inafuata salio linalobaki, ni karibu asilimia 21.6 kwa mwaka, kwa sababu unaendelea kutozwa riba ya hela uliyokwisha kurudisha. Usidanganyike ukauona ni nafuu kuliko mkopo wa asilimia 18 wa salio linalopungua. Uliza pia kama kulipa mapema kunapunguza chochote. Iko mikopo ambayo riba yake imeshafungwa tangu siku ya kusaini. Hiyo lipa rejesho lake tu, hela ya ziada ipeleke kwenye deni ambalo linapungua kweli ukilipunguza.

Sasa linganisha. Unadaiwa kwa asilimia 2 kwa mwezi na una 300,000 za makabati. Ukizipeleka kwenye deni na makabati yakasubiri miezi 6, riba uliyoikwepa, ikilimbikizwa kila mwezi, ni karibu 37,800. Hiyo ndiyo gharama ya haraka, na ukiijua unaweza kuamua kwa macho makavu kama makabati yanastahili. Mara nyingi hayastahili. Duka likikuambia utalipa kidogo kidogo bila riba, uliza bei ya taslimu ya kitu kilekile. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo riba yenyewe.

Mambo mawili tu hayasubiri deni: maji yanayovuja na umeme wenye hitilafu. Kuyakagua hakuhitaji fundi. Funga mabomba yote, soma mita ya maji, kaa saa 2 bila mtu kugusa maji, soma tena. Namba ikiwa imesogea, kuna paipu inayovuja. Upande wa maji machafu mita haisaidii. Jaza sinki karibu na ukingo, kausha viungo vyote vya paipu chini yake, vizungushie karatasi ya chooni, kisha ng'oa kizibo. Maji yanayoshuka yote kwa pamoja hufichua kiungo kibovu ambacho mkondo mwembamba wa bomba hauwezi kukifichua. Karatasi ikilowa, kaza nati ya plastiki kwa mkono, robo mzunguko. Ikiendelea kulowa, fungua utazame mpira wake: ama umepasuka ama umekaa upande. Spana usiitumie, nati hizo hupasuka. Tazama pia sakafu ya kabati la sinki. Chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizobanwa kwa gundi) iliyonywa maji huvimba ukingoni kwanza, kama mkate uliochovywa, na ikishavimba hairudi, inabadilishwa tu.

Kwa umeme, soketi yenye alama ya kahawia au inayopata moto ni kazi ya leo. Oveni na jiko la umeme vinataka laini yao wenyewe kutoka kwenye breka. Soketi za kawaida mara nyingi huvutwa kwa waya wa 2.5 mm², na za jikoni ziwe na kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Haya mwachie fundi umeme mwenye leseni. Kama ukuta unapasuliwa kwa ajili ya hayo, mwambie apitishe na paipu tupu za soketi utakazozitaka baadaye. Paipu ni rahisi; kupasua ukuta mara ya pili siyo.

Yakishatengemaa, sehemu kubwa ya uchakavu wa jiko inaondoka kwa rangi na bawaba. Toa milango, iandike namba kwa ndani (kila mlango na tundu lake, usijiamini kwamba utakumbuka), osha mafuta kwa sabuni kali mara mbili, suuza, acha ikauke. Piga msasa namba 120 hadi 180, futa vumbi, paka praima (rangi ya kwanza ya kushikiza) inayoshika kwenye nyuso laini, kisha tabaka mbili nyembamba za rangi, ukipitisha msasa 220 kidogo kati yake. Rangi ikibanduka kama ganda la kitunguu, rangi haina kosa. Kulikuwa na mafuta chini yake, hasa karibu na vitasa na juu ya jiko. Na rangi kuwa kavu mkononi haimaanishi imekomaa. Rangi nyingi zipe wiki 2 hadi 4 kabla ya kuanza kuzisugua.

Sasa sehemu inayovunja mipango: makabati ya chini, kaunta na sinki. Hivi vitatu ni kazi moja, havikatiki katikati. Kaunta haipimwi hadi makabati yawe yamefungwa ukutani na kusawazishwa kwa pimamaji, maana ukuta karibu wote umepinda kidogo. Tundu la sinki halikatwi hadi sinki lenyewe lipo mkononi. Na bila sinki, hakuna maji jikoni. Kwa hiyo usimruhusu mtu aguse kabati la chini hadi uwe na hela yote ya hatua hii, pamoja na asilimia 15 hadi 20 ya dharura. Nyumba ikiwa ya zamani, nenda na 20. Makabati ya juu yanaweza kungoja mwaka mzima bila mtu kulala njaa. Vigae vya ukutani navyo vinangoja, mradi mshono kati ya kaunta na ukuta uzibwe kwa silikoni siku ileile. Siku ya vigae ikifika, kwangua silikoni yote, kwa sababu gundi ya vigae haishiki juu yake. Baada ya vigae, mshono huo uzibwe tena kwa silikoni, kamwe si kwa grauti (saruji laini ya kuziba mianya ya vigae): kaunta na ukuta havitembei pamoja, grauti inapasuka, maji yanaingia, na chipubodi inavimba palepale.

Sakafu ina mtego wake. Vigae na gundi yake huongeza kama sentimita 1.5 hadi 2. Makabati yakitangulia na vigae vikafuata, kaunta iliyokuwa na kimo cha sentimita 90 inabaki 88, na mashine ya kuosha iliyo chini yake inaweza kunasa isitoke tena. Kama sakafu itakuja baadaye, weka makabati yenye miguu ya kurekebisha na uyainue mapema kwa kiasi hicho.

Paipu ya maji machafu ya sinki, ya milimita 40 au 50, iteremke kama sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Ikilala bapa, mafuta hutuama na kuganda. Fundi akihamisha sinki mita 3 kutoka lilipokuwa, anahitaji mteremko wa sentimita 6 au zaidi, na huenda ukutani hakuna nafasi hiyo. Hii ndiyo sababu ninashauri mtu mwenye deni aache sinki lilipo.

Kununua vifaa polepole kunasaidia, ila si kila kitu. Mabomba, sinki, bawaba na soketi hukaa stoo bila shida. Vigae vinunue vyote mara moja, maboksi yenye namba moja ya toleo, kwa sababu rangi hutofautiana kati ya toleo na toleo. Ukuta wa mita 3 kwa sentimita 60 ni mita za mraba 1.8, ongeza asilimia 10 za kuvunjika na kukatwa, nunua 2, na vichache vitakavyobaki vitunze kwa matengenezo. Saruji usiiweke. Hunyonya unyevu na baada ya miezi 3 hivi nguvu yake imeshuka. Gundi ya vigae na silikoni zina tarehe ya mwisho kwenye kifungashio, isome dukani kabla hujalipa.

Malipo ya fundi yafuate kazi. Vifaa nunua mwenyewe, yeye mpe ufundi tu, na malipo ya mwanzo yasizidi theluthi. Andikeni kabisa kazi imekwisha maana yake nini: sinki limejazwa na kumwagwa mara 3 bila tone, milango yote inafungwa bila kugusana, kila soketi imejaribiwa. Asilimia 10 ya mwisho zuia wiki 2 baada ya jiko kuanza kutumika, na mwambie hivyo kabla hajashika nyundo. Viungo vya maji vina tabia ya kuanza kutoa jasho siku ya nne au ya tano, fundi akiwa ameshahamia kazi nyingine.