Kishindo amekula

Jumanne

Nilijua kuna jambo kwa sababu nilikata hoho na hakuna aliyepiga mluzi. Miaka sita sasa, kisu kikigusa ubao tu, Kishindo hupiga kelele hadi wapita njia wanadhani nafuga kanga ndani. Leo kimya. Nimemkuta kwenye kona ya boksi lake, macho yako wazi, miguu ya mbele inavuta, na kiwiliwili cha nyuma kinafuata tu, kama pindo la kitenge linaloburuta sakafuni. Jana usiku alikuwa mzima. Alitembea, alikula, alinikojolea mkononi kama kawaida yake.

Kishindo ni simbilisi, mnyama mdogo wa manyoya, wa jamii ya panya. Hapa Mtwara kila mgeni lazima nimweleze. Shemeji yangu alimleta kwa basi kutoka Njombe, ndani ya boksi la biskuti, zawadi ya mwanangu alipoingia kidato cha kwanza. Njombe simbilisi ni kitoweo, na shemeji hakuficha: "Mkimchoka, ndimu na chumvi." Majirani zangu hapa Chuno nao waliuliza kama ni samaki nchanga aliyenenepeshwa. (Kwa wasiotoka kusini: samaki nchanga ni panya wa shamba. Akikaushwa vizuri, mimi sina neno.) Mwanangu akaweka nadhiri kwamba huyu haliwi. Sasa yuko chuo Dodoma, na nadhiri ameniachia mimi.

Jirani amekuja na vidonge vya amoksilini vilivyobaki alipougua mwanawe. Nimevipokea, nimeviweka juu ya kabati.

Jumatano

Nimempakia kwenye kikapu, tukapanda bajaji hadi kwa daktari wa mifugo. Kijana mpole, amezoea mbuzi na kuku. Amenyamaza kidogo, akasema, "Mama, huyu wa kwako sijamtibu tangu nimalize chuo." Nimempenda kwa kusema kweli.

Ameuliza anakula nini. Hapo ndipo jasho liliponitoka. Kwa wiki tatu zilizopita nilikuwa shambani tukiokota korosho, na mpwa wangu aliyebaki nyumbani alikuwa akimpa pumba na nyasi kavu, basi. Daktari akanieleza kwamba simbilisi ni kama sisi binadamu: mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C. Anahitaji kati ya miligramu 10 na 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku, na akikaa wiki mbili tatu bila kitu kibichi, viungo vinavimba na kutembea kunamshinda.

Niko kwenye msimu wa mabibo, jamani. Bibo, lile tunda linaloshika korosho, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, nayo yanaoza shambani kwetu malundo kwa malundo, sisi tunachofuata ni korosho tu. Nimekaa pale nikijihesabia makosa.

Kisha daktari akachukua koleo ndogo, akaminya kidole cha mguu wa nyuma. Kishindo hakugeuka. Akaminya cha pili, kwa nguvu zaidi. Alikuwa anatafuna kipande cha jani, akaendelea kutafuna. Akaminya cha mbele, kidogo tu, akaruka na kulia. Daktari akaiweka koleo chini. "Viungo havijavimba. Ingekuwa vitamini peke yake, angesikia maumivu, tena sana. Nadhani ni uti wa mgongo." Labda aliruka vibaya usiku, labda ni uzee. Simbilisi wengi huishi miaka mitano hadi minane, kwa hiyo huyu ni babu.

Nilipotaja amoksilini akashika kichwa. Dawa za jamii ya penisilini huua vijidudu vyema vya tumboni mwa simbilisi, naye hufa kwa kuhara. Nimerudi nyumbani nikavitupa vile vidonge chooni kabla sijavua viatu.

Wakati wa kuagana alisema jambo moja, nami sijamwambia mwanangu. Alisema miguu huenda isirudi, na kwamba mnyama huyu hawezi kukaa siku nzima na njaa, tumbo lake likisimama ndiyo basi. "Anakula? Endelea naye. Siku akikataa kula, mama, nipigie. Tutampumzisha."

Ijumaa

Kazi ni nyingi kuliko nilivyofikiri. Maranda nimeyatoa, nimemtandikia vipande vya kanga kuukuu, ninavibadilisha asubuhi, mchana na usiku. Hawezi kujiinua akikojoa, na mkojo unamchoma ngozi. Namwosha sehemu za nyuma kwa maji ya uvuguvugu, namkausha hadi manyoya yaachane. Hili la kukausha sifanyi mzaha nalo. Msimu huu inzi wamejaa, na inzi akitaga kwenye manyoya mabichi ni funza.

Na kuna hili ambalo sikulijua, nalo naliandika ingawa mtacheka. Simbilisi hutoa choo cha aina mbili, na kile laini hukila tena, kina virutubisho ambavyo havikufyonzwa mara ya kwanza. Hujikunja na kukichukua mwenyewe. Kishindo hawezi kujikunja tena. Kwa hiyo mimi, mtu mzima mwenye wajukuu wa ndugu, nakiokota na kumpa mdomoni. Anapokea kwa adabu.

Nimemjaribisha bibo, nimeng'oa korosho yake mapema maana mafuta ya ganda huunguza. Ameuma mara moja, amekunja uso, amegeukia ukutani. Linakaba koo, simlaumu. Hoho anakula. Pera anakula. Nyasi nazikata nyuma ya nyumba. Za chini ya mikorosho siziamini, zimepuliziwa dawa.

Nampima kwenye mizani ya jikoni. Jumatano gramu 940. Leo 895.

Jioni mwanangu ameandika: "Shikamoo mama. Ametembea?"

"Marahaba baba. Amekula."

Jumapili

Joto. Nimeizungushia chupa ya maji baridi kitambaa, nimeiweka kando yake, ameiegemea.

875.

"Shikamoo mama. Ametembea?"

"Marahaba. Amekula hoho nusu."

Jumanne

Wiki moja. Asubuhi amekuwa mzito. Jani la mchicha limekaa mbele yake, limenyauka, hakuligusa. Nimetwanga nyasi kwenye kinu, nimezichuja, nimemnywesha kwa bomba la sindano, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, na nusu imeishia kwenye gauni langu. Nimeitafuta namba ya daktari kwenye simu. Nimeiangalia. Nimeiweka simu chini, nimekwenda kufagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia.

Jioni ujumbe umeingia: "Mama, mbona nikikuuliza ametembea unanijibu amekula?"

Nimeandika, nimefuta. Nimeandika tena kirefu, koleo na yote, nimefuta. Kisha nimechukua hoho ya mwisho jikoni, nikagonga kisu kwenye ubao kwa makusudi, kwa nguvu, kama mtu anayekata nazi.

Hakuna kitu.

Nikagonga tena.

Ulikuwa mluzi mfupi, umekwaruza, wala haukustahili jina la Kishindo. Lakini ulikuwa wake. Nilipofika alikuwa ameinua uso, pua inacheza. Amekula robo, polepole, akipumzika katikati. Nimewasha simu, nimegonga kisu mara ya tatu, nimeurekodi ule mluzi na kumtumia mwanangu. Chini yake nikaandika: "Hatembei. Nipigie ukitoka darasani, nikueleze vizuri."