Nimegombea kamati ya kituo cha afya

Ndugu zangu, natoka mkutanoni sasa hivi, sauti imekauka. Niligombea ujumbe wa Kamati ya Usimamizi wa kituo chetu cha afya, ile nafasi ya mwakilishi wa wananchi.

Fomu nilichukua kwa mtendaji wa kata, hapo hapakuwa na shida. Shida ni kujieleza. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza: "Mwanangu, ukishapata, dawa zitakuwepo?" Nikamwambia ukweli, kamati haitengenezi dawa. Lakini boksi za Bohari ya Dawa zikishushwa, wajumbe wanatakiwa wawepo, wahesabu, walinganishe na hati ndipo wasaini. Na tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, yaani zile zinazochangwa na wahisani, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, mpango wa matumizi unapitia kamati. Sasa wajumbe wakisaini huku wanawaza posho, nani atauliza?

Mzee mmoja akadakia: "Kwani wewe posho huitaki?" Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Nikajibu naitaka, nauli si bure, ila nitauliza kwanza.

Kura za vikaratasi, zikahesabiwa mbele yetu. Nimepita kwa tofauti ndogo. Kilichonikera ni kwamba wengi pale hawakujua hata kama kamati hii ipo!

Kikao cha kwanza ni wiki ijayo. Mwenye malalamiko ya foleni ya kliniki ya wajawazito aje inboksi.