Uchumi Unakua, Mbona Nyumbani Hali ni Ileile?

Kila mwezi Juni, shule zinapofungwa, huja kwangu wanafunzi wanaomaliza mwaka wao wa kidato cha tano katika michepuo ya EGM, HGE na ECA, yote yenye uchumi ndani yake, wakitaka wasaidiwe somo la uchumi. Wengi wao wamejiandaa vizuri kwa mtihani: wanaeleza bila kukwama maana ya Pato la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka, wanachora mikondo ya mahitaji na ugavi, na majukumu ya benki kuu wanayataja yote. Wanapokwama ni pale wanapoulizwa habari za uchumi wa nchi yao wenyewe. Likizo hiyo huangukia wakati uleule ambao Bunge mjini Dodoma huwasilishiwa taarifa ya Hali ya Uchumi wa Taifa asubuhi na bajeti ya Serikali jioni yake, kwa hiyo takwimu huwa zimejaa redioni na magazetini, na hapo ndipo swali la kweli hutoka: Mwalimu, kama uchumi ulikua kwa asilimia 5.5 mwaka 2024, mbona nyumbani hali ni ileile?

Nimesikia watu wazima wakilizima swali hili kwa kudhani kwamba ni la kisiasa, au kwamba mtoto anakosa adabu. Mimi naliona kuwa ndilo swali bora kuliko yote katika somo hili, na naamini kijana akiweza kulijibu kwa hesabu, si kwa hisia, atakuwa ameuelewa uchumi kuliko yule aliyekariri daftari zima.

Tuanze na idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 44.9 na ile ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 61.7, yaani ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Pato lililokua kwa asilimia 5.5 linagawanywa kwa watu wanaoongezeka kwa kasi hiyo, hivyo kinachobaki kwa kila mtu ni ukuaji wa asilimia 2 na kidogo. Hatua hiyo pekee huwashangaza wengi, ingawa ni hesabu ya kugawanya tu.

Kisha tuangalie ukuaji huo umetoka wapi. Kilimo, pamoja na mifugo, misitu na uvuvi, huchangia takriban robo ya Pato la Taifa, lakini ndicho kinachobeba zaidi ya nusu ya watu wanaofanya kazi, na kwa miaka ya karibuni kimekuwa kikikua kwa asilimia 3 hadi 4 hivi. Ukiondoa ongezeko la watu, mkulima wa kawaida anabakiwa na kidogo sana. (Ni kweli kwamba vijana huhamia mijini, na kwa hiyo idadi ya watu vijijini haiongezeki kwa kasi ileile ya taifa zima; mwanafunzi anayeliona hilo mwenyewe, mimi humsifu mbele ya wenzake.) Wakati huohuo, uchimbaji wa dhahabu, huduma za fedha na ujenzi vimekuwa na uzito mkubwa katika ukuaji. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji na reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ziliingia katika Pato la Taifa tangu zilipokuwa zikijengwa, kwa sababu kazi ya ujenzi nayo ni uzalishaji, hata kama umeme na safari za treni vilikuja baadaye, na hata kama mama anayelima mihogo Newala hakuiona shilingi yoyote ya mradi ule. Takwimu haimdanganyi mama huyo. Inajumlisha tu, na jumla haisemi nani kapata nini.

Hapo ndipo hueleweka pia tangazo la Julai 2020, Benki ya Dunia ilipoiingiza Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Kiwango cha kuingia kilikuwa dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka, na wastani wetu ulikuwa dola 1,080. Wastani haumaanishi kwamba kila mmoja alizipata.

Linalochukua muda mrefu zaidi kueleweka ni mfumuko wa bei. Wanafunzi, na wazazi wao pia, husikia kwamba mfumuko umeshuka hadi asilimia 3 wakadhani bei zimeshuka. Huwapa mfano wa kubuni: kilo ya mchele ilikuwa shilingi 2,000, mwaka uliofuata ikawa 2,600, na mwaka wa tatu 2,680. Mwaka wa pili bei imepanda kwa asilimia 30 na mwaka wa tatu kwa asilimia 3 tu, kwa hiyo mfumuko umeporomoka, lakini mchele haujarudi kwenye 2,000 na mnunuzi bado anatoa shilingi 680 zaidi. Mshahara usipoongezeka kwa kiasi hicho, malalamiko yake ni ya haki na takwimu nayo ni sahihi, vyote viwili kwa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Katika Fahirisi za Bei za Taifa za Mlaji, kipimo kinachotumika kukokotoa mfumuko wa bei, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito unaokaribia asilimia 28, kwa kufuata matumizi ya kaya zote kwa jumla. Kaya maskini hutumia sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kwa chakula. Unga na maharage vikipanda huku simu na nguo zikitulia, mfumuko unaotangazwa utakuwa mdogo kuliko ule unaohisiwa na kaya hiyo, bila mtu yeyote kuchezea hesabu.

Wazazi wengine hukumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, foleni za sukari na unga wa njano, nami huwahimiza wanafunzi wangu wawaulize. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979, nchi iliishiwa fedha za kigeni. Bei nyingi zilikuwa zimepangwa na Tume ya Bei, lakini dukani bidhaa yenyewe haikuwapo. Kijana aliyesikia hayo kwa mama yake haandiki tena kwamba bei ndogo ni dalili ya uchumi mzuri siku zote.

Kitabu cha Hali ya Uchumi wa Taifa kimeandikwa kwa Kiswahili, na inanisikitisha kwamba wengi humaliza kidato cha sita bila kukifungua, kwa sababu mtihani wao ni wa Kiingereza. Sisi hubishana kwanza kwa Kiswahili, kisha kila mmoja huandika jibu lake kwa lugha ya mtihani. Kila mwanafunzi huchukua jedwali la ukuaji kwa shughuli za kiuchumi na kutafuta shughuli inayolisha wilaya yao, iwe ni korosho kwa anayetoka Mtwara, dhahabu kwa wa Geita au ndizi na kahawa kwa wa Kagera, kisha anaondoa ongezeko la watu na kuwasomea wenzake kilichobaki.